"Naongea na Mkurugenzi?"

Simu ilinikuta juu ya ngazi, Kimara, mkono mmoja una brashi, mwingine umeshikilia AC isidondoke. "Habari za mchana, naongea na Mkurugenzi?" Mimi ni fundi wa AC na mafriji. Nina fremu moja ndogo Sinza, vijana wawili na pikipiki. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikashuka ngazi.

Dada yule alikuwa na sauti laini na maneno yaliyopangika. Kampuni yao ina saraka ya biashara mtandaoni, yaani orodha ya biashara na namba zake za simu, maelfu ya watu wanaingia kila siku, mafundi wenzangu wameshajiunga, na kwa shilingi 420,000 kwa mwaka jina langu litakaa juu kabisa na nyota ya dhahabu pembeni. Ilikuwa Novemba 2022, joto la Dar limeanza kupanda, na huo ndio msimu wetu wa kula. Kesho yake nikalipa. Mke wangu aliposikia habari za ukurugenzi aliniuliza, "Bodi inakaa lini?"

Hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kulipa niliifanya baada ya kulipa. Wakati ule kuosha AC moja nilikuwa natoza 35,000. Ukitoa posho ya kijana, mafuta ya pikipiki na sabuni, mkononi inabaki kama 20,000. Maana yake nilihitaji kuosha AC 21 za wateja wapya kabisa, walioletwa na saraka ile peke yake, ndipo nirudishe fedha yangu. Hapo sijapata hata senti ya faida. Wewe unayeuza keki, unayeshona suti au unayepiga picha za harusi, gawanya bei wanayokutajia kwa kile kinachobaki mkononi mwako kwa kazi moja. Usigawanye kwa bei unayomtoza mteja, hapo ndipo wengi tunajidanganya. Ukipata 3, jaribu. Ukipata 21, vuta kiti ukae kwanza.

Kitu kimoja tu nilikifanya kwa akili, na hata hicho ni kijana wangu mmoja aliyenishauri. Nilisajili laini mpya, alama za vidole na namba ya NIDA kama kawaida, nikaiweka kwenye kitochi cha zamani, na namba hiyo nikaipeleka kwenye saraka peke yake. Sikumpa mtu mwingine yeyote, sikuichapa popote. Kitochi kikiita, najua huyu katoka kule. Pembeni nikaweka daftari.

Mwaka ulipokaribia kuisha daftari lilikuwa na simu 31. Simu 14 zilikuwa za watu wanaoniuzia mimi: bima, tovuti, saraka nyingine tatu, hata mmoja wa viwanja vya Bagamoyo. Nane ni vijana wanaotafuta kazi au sehemu ya kujifunzia ufundi. Sita waliuliza bei wakasema watanipigia, na hadi leo nawasubiri. Wateja wa kweli ni watatu. Mmoja Tabata, AC mbili, nikabaki na 40,000. Mmoja Kigamboni, kujaza gesi, nikabaki na 45,000. Wa tatu ofisi moja Mikocheni yenye AC tisa, ikanipa servisi mara mbili mwaka ule, jumla 360,000.

Jumlisha mwenyewe: 445,000. Nimelipa 420,000, nimepata 445,000. Nilikaribia kulipia mwaka wa pili kwa moyo mweupe.

Kilichoniokoa ni mazungumzo tu. Siku ya servisi ya pili pale Mikocheni nilikuwa nasubiri maji yakauke, nikamuuliza dada wa mapokezi, "Hivi mlinipataje?" Akasema, "Ofisi ya ghorofa ya chini walitutajia jina lako. Namba hawakuwa nayo, nikaandika jina la biashara yako Google, ule ukurasa wenye nyota ndio ukatokea." Ofisi ya ghorofa ya chini ni mteja wangu wa tangu 2019. Kwa hiyo mteja aliletwa na kazi yangu, kwa mdomo wa mteja wangu. Saraka ilisimama mlangoni tu na kuhesabu kwamba imemleta. Ukiiondoa Mikocheni, nimetoa 420,000 nikapata 85,000.

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo penye siri yote. Kuna mtu anayetafuta jina lako na kuna mtu anayetafuta kazi yako. Anayetafuta jina lako keshauzwa, anachotaka ni namba tu, na namba unaweza kumwekea bure. Anayefaa kulipiwa ni yule wa pili, asiyekujua, ambaye saa nane ya usiku friji lake la samaki limezima. Swali ni moja: huyo mtu, saa hiyo, anaangalia wapi? Enzi za kile kitabu cha simu kinene chenye kurasa za njano, jibu lilikuwa rahisi. Kitabu kilikuwa kimoja, kimekaa pembeni ya simu yenyewe, mtu hakuwa na pengine pa kutazama. Saraka za mtandaoni zinakuuzia heshima ya kitabu kile, lakini mwenye friji halijui hata jina la saraka hiyo.

Kupima ni bure. Chukua simu ya jirani, maana yako imeshazoea mambo yako, andika unachouza na mahali: "fundi AC Kimara", "keki Mbezi", chochote. Usiandike jina la saraka. Kama ukurasa wao hautokei mapema, basi nyota yako ya dhahabu inawaka ndani ya kabati. Kisha ingia kwenye saraka yenyewe, chagua biashara tatu zenye nyota, zipigie. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimeshalipa, kwa uchungu. Namba ya kwanza haipatikani. Ya pili alipokea mama mmoja akasema mwenye namba hiyo alishahama Mwanza. Wa tatu ni fundi mwenzangu wa jenereta. Nikamuuliza inalipa, akacheka kwanza, kisha akaniuliza, "Na wewe walikuita Mkurugenzi?"

Mteja anapotafuta kazi karibu yake, mara nyingi kinachotokea kwanza ni ramani ya Google na biashara chache chini yake. Kuwepo pale hakulipiwi. Panaitwa Google Business Profile, hadi 2021 pakiitwa Google My Business. Kama huna fremu, unaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia. Watakutaka uthibitishe kwamba upo kweli, siku hizi mara nyingi kwa video. Mimi niliwaonyesha kibao, ngazi, mtungi wa gesi na mlango nikiufungua kwa ufunguo wangu. Google wenyewe wanasema mpangilio wa pale unategemea unachouza, umbali na umaarufu wako, maoni ya wateja yakiwemo, na hakuna wa kumlipa akupandishe. Matangazo ni jambo jingine, yanalipiwa na yanaandikwa kuwa ni matangazo. Kwa hiyo akikupigia mtu anayesema anatoka Google na anataka hela akuweke juu, kata simu.

Kuna maneno mengine matamu: "Tukikuweka kwetu na wewe utapanda Google." Tovuti inayouza viungo, yaani linki za kumpeleka mtu kwenye ukurasa wako, inatakiwa kuviwekea alama ya kuwaambia Google kwamba vimelipiwa, na kununua kiungo ili upande ni kinyume cha kanuni zao. Muuzaji akianza habari hizo, ama haijui bidhaa yake, ama anaijua vizuri kuliko wewe.

Mkataba nao usome. Wangu ulikuwa na kifungu kwamba unajirudia wenyewe kila mwaka nisipotoa taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Nilikiona zikiwa zimebaki 34, kwa bahati tu. Halafu jihadhari na barua pepe inayoomba "uhakikishe taarifa zako" na kusaini. Wengine ndani ya maandishi madogo ya chini wameshaweka bei, na sahihi yako ndiyo imekubali.

Sisemi saraka zote hazina maana. Shemeji yangu ana nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar, na wageni wake wengi wanatoka Ulaya. Mgeni wa Ujerumani hamjui mtu yeyote Jambiani, lazima atafute mtandaoni. Shemeji yuko Booking.com, wanamkata kamisheni, na kila mwisho wa mwezi analalamika. Lakini anakatwa kwa mgeni aliyeweka nafasi, si kwa ahadi ya mgeni. Kwangu hilo ndilo jaribio la haraka kuliko yote: anayekuuzia yuko tayari kulipwa mteja akishafika? Nilimwambia yule dada aliponipigia kuhusu mwaka wa pili: nipeni asilimia ya kulipa kwa kila kazi, hata 15, sina shida. Akasema atamuuliza bosi wake. Ina maana na yeye ana Mkurugenzi.

Na kama unalenga ofisi za serikali, nguvu zako zipeleke kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, zabuni zao ziko kule.

Mimi hela ya mwaka wa pili niliipeleka kwenye stika, na hata haikuisha. Jina, namba, tarehe ya servisi, na tarehe ya servisi inayofuata. Nabandika ubavuni mwa AC mahali mtu akiinua macho anaiona, kwa sababu AC ikigoma kitu cha kwanza binadamu anachofanya ni kuikodolea macho. Nyingine nampa mlinzi wa jengo, maana mpangaji mpya akitaka fundi humuuliza yeye kwanza. Kwenye daftari, miezi minne ya kwanza ya stika ilileta kazi 17, nyingi za wateja wale wale waliokuwa wamepoteza namba yangu na kumwita fundi mwingine. Hao nilikuwa nawapoteza miaka yote bila kujua.

Laini ya kitochi sikuitupa, ndiyo iliyo kwenye stika sasa. Wale wa bima na viwanja vya Bagamoyo bado wanaipigia.