Sonara wa Ayalandi: herufi za jina zisomwe mwisho

Upawa wa supu, wa madini ya fedha, nilioununua mnadani Dublin ulinihangaisha miezi miwili nikimtafuta fundi aliyeutengeneza. Nyuma ya mpini, pale unapokuwa mwembamba, palipigwa neno STERLING (yaani fedha ya kiwango cha 925 kati ya 1,000), na kando yake muhuri mmoja wenye CT juu na IW chini. Muuzaji alisema ni wa Marekani, kwa kuwa masonara wa huko nao hutumia neno hilo, nami nikapekua majina ya mafundi wa Boston na New York bila kuambulia kitu.

Kosa langu lilikuwa kuanzia kwenye herufi, ambazo mafundi wengi huweza kuwa nazo sawa. Tafuta kwanza mji, kisha kipindi, ndipo umtafute mtu. Chombo kilichopimwa usafi wa fedha yake Dublin huwa na kinubi chenye taji, kuthibitisha kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1730 kikaongezewa Hibernia, mwanamke aliyeketi, kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Ukikuta pia kichwa cha mfalme au malkia, umo kati ya 1807 na 1890. Herufi ya mwaka, yaani ile inayoonyesha mwaka chombo kilipopimwa, hubana kipindi zaidi, ila vyombo vingi vya karne ya 18 havina, basi usiilazimishe.

Upawa wangu haukuwa na kinubi. Mji wa Cork, ulio kusini, haukuwa na ofisi ya upimaji, na kwa kuwa kusafirisha vyombo vya fedha hadi Dublin, zaidi ya kilomita 200, kulikuwa na gharama na hatari, masonara wa huko walijipigia wenyewe neno STERLING. Nilipofungua orodha ya masonara wa Cork, jibu lilipatikana jioni hiyohiyo: Carden Terry na Jane Williams, baba na bintiye, walioshirikiana mwanzoni mwa karne ya 19. Herufi J ilipigwa kama I, na mimi (naona haya kusema) muda wote nilikuwa namtafuta mwanamume.

Linganisha pia umbo la kingo za muhuri, na ukikuta jina kamili kama WEST, kumbuka kwamba huenda ni la mwenye duka, si la fundi. Usikisugue chombo kwa dawa kabla ya kukisoma. Kipumulie, kisha ukiinamishe polepole dirishani: wangu, ukungu ulipoanza kukauka, ndipo mstari wa I ulipojitokeza, mwembamba kama unywele.