Hofu ya Gethsemane

Mwanangu mpendwa,

Salamu za Pasaka nimezipata, na swali lako pia. Unauliza: kama Yesu ni Mungu, pale bustani ya Gethsemane, usiku wa kabla ya kufa, aliposema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", alikuwa anapingana na nani? Na padre wa chuoni kwenu kakuvuruga zaidi kwa kuhubiri kwamba Yesu aliogopa kweli.

Swali hilo liliwahi kutikisa himaya nzima ya Roma ya Mashariki. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia, mwaka 451, ulishafundisha kwamba Kristo ni nafsi moja mwenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika wala kutengana. Wakristo wengi wa Misri na Siria wakakataa. Karne ya 7 Kaisari Heraklio, aliyetoka kupigana na Waajemi, alitaka kuwarudisha, na Serjio, Patriarki (askofu mkuu) wa Konstantinopoli, akampa njia ya mkato: tukubali asili mbili, ila tuseme Kristo ana utashi mmoja tu, yaani uwezo mmoja wa kutaka na kuamua. Hata Papa Honorio aliandika kuunga mkono maneno hayo. Mwaka 638 Kaisari akayatangaza kuwa imani ya wote.

Aliyekataa kwa ukaidi ni mmonaki mmoja, Maksimo. Hoja yake naipenda kwa sababu haina mbwembwe. Tunakiri Utatu, nafsi tatu, na utashi wao ni mmoja. Kwa hiyo utashi unafuata asili, haufuati nafsi. La sivyo Mungu angekuwa na matashi matatu. Basi Kristo mwenye asili mbili ana utashi wa Kimungu na utashi wa kibinadamu. Halafu kuna neno la Gregori wa Nazianzo, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 4: kisichotwaliwa na Kristo hakikuponywa. Adamu aliangukia wapi kama si kwenye utashi? Mwana wa Mungu angeuacha huo, angekuwa ametwaa mwili wetu na kuliacha donda lenyewe.

Kaisari Konstante wa Pili alichoka, mwaka 648 akapiga marufuku mjadala wenyewe. Mwaka uliofuata Papa Martino akaitisha sinodi, mkutano wa maaskofu, huko Laterano, Roma, na kulaani fundisho la utashi mmoja. Alikamatwa, akafia uhamishoni Krimea mwaka 655. Maksimo, mzee wa miaka 80 na ushee, mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kulia, asiseme wala asiandike tena, akapelekwa mbali kule Lazika, karibu na Bahari Nyeusi. Alikufa mwaka huohuo.

Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, 680 hadi 681, ukampa haki bila kumtaja jina, na ukamlaani Honorio aliyekwisha kufa. Katika kikao kimoja (hiki lazima nikusimulie) padre mmonaki aitwaye Polikronio alidai atathibitisha utashi mmoja kwa kumfufua maiti. Wakamletea maiti. Akaweka juu yake karatasi ya imani yake, akamnong'oneza masikioni saa nyingi, maiti kimya. Akavuliwa daraja, na bado hakukubali kuwa ameshindwa! Mwanangu, watu wa aina hiyo hawajaisha.

Sasa Gethsemane. Kutaka kuishi si dhambi. Ndivyo mtu alivyoumbwa. Utashi wa kibinadamu wa Yesu ulikikwepa kifo kama wako ungekikwepa, kisha utashi huohuo ukasema ndiyo kwa Baba. Hakuna Yesu wawili waliokuwa wakibishana. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifuata njia hiyohiyo: maumbile yalikihofia kifo, akili ikakipokea kwa ajili ya wokovu wetu, na hapo hapana uasi.

Kwa hiyo padre wenu hakukosea. Fungua Marko 14:33 uone: alianza "kufadhaika sana na kuhangaika". Kama una swali lingine juu ya Honorio, maana najua utaniuliza kuhusu Papa kulaaniwa, nipigie Jumapili baada ya Misa. Hilo ni refu.

Mama yako