Ndugu mhudumu mpya, soma lebo ya shampeni kwanza

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhudumia meza hotelini, mgeni mmoja aliagiza shampeni isiyo na utamu. Nikaona chupa imeandikwa Extra Dry, nikajua ndiyo yenyewe. Alionja funda moja, akakunja uso, akairudisha. Bili ilikatwa kwenye mshahara wangu.

Dry kwa watu wa mvinyo ni kukosa utamu, lakini kwenye shampeni neno hilo linadanganya. Karne ya 19 wanywaji wengi, hasa Warusi, walitaka shampeni tamu kupindukia, kwa hiyo iliyopunguzwa sukari kidogo tu ikaitwa dry, yaani kavu. Ladha za watu zikabadilika, majina yakabaki. Leo Brut haifikishi gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry ina 12 hadi 17, na Demi-Sec hufika 50. Anayekwepa sukari kabisa mpe Brut Nature, ambayo haifiki gramu 3.

Halafu kuna herufi mbili ndogo sana chini ya lebo, ambazo wengi hawazioni. NM ni kampuni inayonunua zabibu kwa wakulima. Majina makubwa kama Moët, Ruinart na Veuve Clicquot yako humo. RM ni mkulima anayetengeneza mvinyo wa zabibu zake mwenyewe. CM ni chama cha ushirika. Aliyekulia kwenye vijiji vya kahawa hahitaji maelezo zaidi. Mgeni anayejua mambo akiona unaitambua RM, ataanza kukuuliza wewe badala ya kumwita meneja.

Usiite shampeni kila chenye mapovu. Jina hilo ni la Champagne peke yake, upande wa Reims na Épernay, mashariki mwa Paris. Crémant hutoka mikoa mingine ya Ufaransa, kama Alsace na Loire, nayo huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa vilevile. Mgeni akiuliza bei ya shampeni kisha akanyamaza, mtajie Crémant bila kumwonyesha kwamba umemhurumia. Prosecco ni ya Italia na kwa kawaida gesi yake hutengenezwa kwenye matangi makubwa.

Hadithi ya mtawa Dom Pérignon kubuni shampeni niliwasimulia wageni kwa miezi mingi, mpaka mzee mmoja wa Kifaransa akanicheka. Pérignon alifika abasia ya Hautvillers mwaka 1668, na mapovu kwake yalikuwa kero, maana chupa zilipasuka. Miaka sita kabla yake, 1662, daktari Mwingereza Christopher Merret alikuwa ameshaeleza jijini London jinsi wafanyabiashara walivyotia sukari kwenye mvinyo ili uchangamke. Ukitaka hadithi ya kweli, simulia ya Barbe-Nicole Clicquot. Alifiwa na mume mwaka 1805 akiwa na miaka 27, akaishika kampuni ya mumewe, ndiyo Veuve Clicquot ya leo. Wakati ule shampeni ilikuwa na ukungu wa mashapo ya hamira. Karakana yake ikatumia meza yenye matundu: chupa zinasimamishwa kichwa chini, zinazungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yakusanyike shingoni na kutolewa. Ndiyo maana unayomimina leo ni angavu.

Sasa kufungua. Ndani ya chupa mna mgandamizo karibu mara tatu ya tairi la gari dogo, kwa hiyo usiifungue ikiwa ya moto wala imetikiswa. Iache kwenye ndoo ya barafu na maji kama nusu saa. Kidole gumba kikae juu ya kizibo tangu unapolegeza waya, na usikiondoe hata mgeni akikusemesha. Inamisha chupa mbali na watu, kamata kizibo, zungusha chupa, siyo kizibo. Kinatakiwa kitoke kwa pumzi ndogo, pssst. Kikilia kama fataki, msimamizi wako atakuwa ameshageuka.