Kama mnarudi Dodoma, chukueni Cambridge

Dada, umeuliza mchague mtaala upi wa kimataifa, Cambridge (wa Uingereza) au IB (International Baccalaureate). Kwa mtoto wa miaka 14 aliyeko Muscat, Oman, na mkataba wa baba yake umebakiza miaka miwili tu, mimi ningechagua Cambridge. IGCSE, kozi yao ya ngazi ya kidato cha nne, huchukua miaka miwili hivi, kwa hiyo mnarudi Dodoma na cheti mkononi. Diploma ya IB, ya ngazi ya kidato cha tano na sita, inaanzia miaka 16, maana yake mtamng'oa kabla hata hajaianza.

IB si mbaya, ila ni mzigo: masomo sita, matatu yakiwa ya ngazi ya juu, na insha ya maneno 4,000 juu yake. A-Level ya Cambridge wengi husoma masomo matatu, inakaribiana na tahasusi zetu za kidato cha tano na sita.

Cheti mtakipeleka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kufanyiwa ulinganifu na vyeti vya hapa. Msisubiri wiki ya kufungua shule. Mpwa wangu alikaa nyumbani hapa Area C muhula mzima kwa sababu ya karatasi hiyo.

Halafu Kiswahili. IGCSE ina mtihani wake, waulizeni shuleni kama atasajiliwa. Mtoto wa kwetu alirudi anaongea vizuri, kuandika sasa, mh!