Kuhama na watoto wadogo kutoka Minneapolis kwenda Bowling Green, Kentucky: nyumba iwe ya tatu

Mkuu, umeuliza kama familia ya watu 4 (wewe, mama watoto, mtoto wa miaka 4 na mchanga wa miezi 8) itapata nafuu ikitoka Minneapolis kwenda Bowling Green kwa sababu pango liko chini, na uanzie wapi. Nafuu ipo, ila wanaokwama kule wengi wamekwama kwa kuanza na nyumba. Wameona apatimenti nzuri mtandaoni, wamesaini mkataba wa miezi 12, halafu wanakuta kiwanda kiko upande wa pili wa kaunti, kazi inaanza saa 12 asubuhi, na hakuna pa kumwacha mchanga saa 11 alfajiri. Anza na shifti, kisha mlezi wa mtoto, nyumba iwe ya tatu.

Kabla ya hapo piga hesabu ya unachokiacha. Minnesota ina nafuu ya kodi ya jimbo ya hadi dola 1,750 kwa kila mtoto kwa wenye kipato kidogo, ina likizo ya ugonjwa ya kulipwa tangu 2024, na tangu Januari 2026 ina likizo ya kulipwa ya uzazi na ya kuuguza mtu wa familia. Kentucky haina hata kimoja. Kwa upande mwingine, kodi ya mapato ya Kentucky ni asilimia 3.5 kuanzia 2026, wakati Minnesota inaanzia asilimia 5.35. Usisahau tu kwamba mji wa Bowling Green nao unakata chake kwenye mshahara wa anayefanya kazi ndani ya mji. Nguo za watoto, ambazo Minnesota hazitozwi kodi ya mauzo, kule zinatozwa asilimia 6. Chakula cha kupika nyumbani hakitozwi.

Kitu ambacho watu hawakikumbuki ni FMLA, ile haki ya shirikisho ya wiki 12 bila malipo huku kazi yako ikilindwa. Inahitaji miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri huyohuyo. Ukibadili mwajiri, hesabu ya miezi na saa inarudi sifuri. Kama mnategemea mtoto wa tatu hivi karibuni, ahirisheni kuhama, au mmoja wenu aombe uhamisho ndani ya kampuni aliyopo.

Shifti. Kazi nyingi za kuanzia ni za viwandani na maghala, na nyingi unaingia kupitia ejensi. Uliza mambo matatu kabla ya kukubali: utakaa kwa ejensi muda gani kabla ya kuajiriwa na kampuni, ovataimu ya Jumamosi ni ya hiari au ya lazima, na pointi za utoro zinahesabiwaje. Hilo la pointi ndilo linalofukuzisha kazi wazazi wa watoto wadogo. Deikea (kituo cha kulelea watoto) inamrudisha nyumbani mtoto mwenye homa, mzazi anatoka mapema, anapata pointi. Mtoto anatakiwa akae saa 24 bila homa kabla ya kurudi, kesho yake mzazi anapata nyingine. Kwenye kipindi cha majaribio pointi chache tu zinatosha kukutoa. Kwa hiyo wewe na mama watoto msichukue shifti moja. Mmoja asubuhi, mwingine jioni, na kati yenu iwepo angalau saa moja ya kupokezana, kwa sababu shifti ya kwanza ikichelewa kutoka dakika 30, ya pili inachelewa kuingia.

Sasa mlezi, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Sheria ya Kentucky inataka mlezi 1 kwa watoto wachanga 5, wakati kwa wenye miaka miwili mlezi mmoja anaweza kuwa na 10. Ndiyo maana nafasi za wachanga ni haba na zina foleni: kituo hakipati faida kwa mchanga. Mwandikishe mdogo kwenye foleni ya vituo vitatu au vinne ukiwa bado Minneapolis, na uliza kila kimoja kinafungua saa ngapi. Vingi ni saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa hiyo shifti inayoanza saa 12 kamili haiendani navyo. Njia ya pili ni mlezi wa nyumbani mwenye cheti cha jimbo, anayeruhusiwa watoto wasio wa ukoo hadi 6. Mama jirani anayelea watoto wa watu wasiozidi 3 hahitaji cheti. Wakongo wengi wa pale wanaishi kwa mtindo huo, na unafanya kazi vizuri mradi mkubaliane mapema nani anashika mtoto siku mama huyo akiugua.

Msaada wa ada unaitwa CCAP na unaombwa kupitia kynect, tovuti ya jimbo. Unahitaji uthibitisho wa kipato cha kazi mpya, kwa hiyo huenda usianze mara moja. Weka akiba ya ada ya miezi miwili. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: tangu 2022 Kentucky imekuwa ikiwapa wafanyakazi wa deikea wenyewe msaada huo kwa watoto wao. Masharti hubadilika na bajeti ya jimbo, basi mama watoto aulize kituoni kabla ya kukimbilia kiwandani. Mshahara wa deikea ni mdogo, lakini toa ada ya watoto wawili kwenye mshahara wa kiwanda uone kinachobaki.

Mkubwa wako ana miaka 4, na tarehe ya kuzaliwa ni muhimu. Minnesota anaingia chekechea ya shule akiwa ametimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1. Kentucky ni Agosti 1. Aliyezaliwa Agosti 10 anasubiri mwaka mzima, na huo ni mwaka mzima wa ada ya deikea. Shule ya awali ya jimbo ipo kwa wenye miaka 4 ambao kipato cha familia hakizidi asilimia 160 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, ila madarasa mengi ni ya nusu siku. Faida yake ni lugha, haiokoi shifti.

Chanjo: Kentucky inadai chanjo mbili za hepatitis A zilizoachana miezi 6, kitu ambacho shule za Minnesota hazidai. Kama mkubwa hana hata moja, apate ya kwanza sasa hivi. Rekodi zako za Minnesota peke yake hazitoshi, zinahamishiwa kwenye cheti cha chanjo cha Kentucky na daktari au ofisi ya afya ya kule. Shule itataka pia fomu ya uchunguzi wa mwili, na kufikia Januari 1 ya mwaka wa kwanza wa shule, uchunguzi wa macho na wa meno. Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili kama ndicho mnachoongea. Mtoto atapimwa Kiingereza, na mzazi ana haki ya mkalimani bure kwenye mikutano ya shule. Wanaoandika “English” kwa kuogopa mtoto kubaguliwa wanajinyima wenyewe.

Nyumba ndiyo inayofuata. Kuna wilaya mbili za elimu, ya mji na ya kaunti ya Warren, na mpaka wake hauendi sawa na unavyodhani. Piga simu wilayani na anwani kamili kabla ya kusaini. Wenye nyumba wengi wanataka kipato mara tatu ya pango, ada ya maombi kwa kila mtu mzima, na dipoziti. Barua ya ajira yenye mshahara inasaidia kuliko maneno. Uliza umeme ni wa nani: ndani ya mji ni BGMU, nje ni Warren RECC, na huenda ukatakiwa dipoziti huko nako. Joto la nyumba nyingi ni la pampu ya joto. Ukiirukisha termostati kutoka nyuzi 62 hadi 72 za Fahrenheit kwa mkupuo, hita ya akiba ya umeme inawaka na bili ya Januari inakuumiza. Iache kwenye 68 na uvae soksi.

Ardhi ya pale ina mapango na mashimo ya kudidimia. Nyumba iliyokaa bondeni huweza kuingiwa na maji hata kama hakuna mto karibu, na bima ya mpangaji hailipii mafuriko. Tornado (vimbunga) nazo zipo. Ile ya Desemba 11, 2021 ilikuwa EF3 (kipimo cha nguvu kinachoishia EF5) na ilipita usiku watu wamelala. Nyumba ya trela ni ya bei nafuu, lakini ukichagua trela ujue mtakimbilia wapi. Nunua redio ya hali ya hewa yenye betri, kwa sababu simu iliyozimwa sauti haiamshi mtu.

Gari ni lazima, na kwa shifti mbili ni magari mawili. Basi za mji zipo lakini hazikufikishi kwenye shifti ya usiku. Mgeni ana siku 15 kusajili gari na siku 30 kubadili leseni. Beba hati ya umiliki na ushahidi wa kodi ya mauzo ya gari uliyolipa Minnesota, la sivyo unaweza kudaiwa asilimia 6. Kama gari lina mkopo, mpigie mkopeshaji mapema kuhusu hati. Kentucky pia hutoza kodi ya gari kila mwaka, inayomhusu aliyekuwa mwenye gari Januari 1. Ukinunua la mkononi, uliza kama imelipwa kabla ya kutoa hela. Kiti cha mtoto ni lazima hadi inchi 40 za kimo, na cha kuinulia kwa walio chini ya miaka 8 wenye inchi 40 hadi 57.

Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) na SNAP (msaada wa chakula) hazihami na wewe. Funga za Minnesota, omba upya kynect. Tangu sheria ya Julai 2025 mkimbizi asiye na grinkadi hastahili SNAP, basi usiiweke kwenye bajeti kama bado unasubiri. WIC (msaada wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo) ni tofauti: omba hati ya uthibitisho kabla ya kuondoka, na ofisi ya afya ya kule itaendelea na mtoto hadi muda wake uishe. USCIS (idara ya uhamiaji) wape anwani mpya ndani ya siku 10. Mwenye kesi mahakama ya uhamiaji ana siku 5, kwa fomu tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine.