Sahani za agari zinaota kabla ya kupandwa

SWALI: Hamjambo wataalamu. Natengeneza agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) kwa sufuria kubwa ya presha yenye geji, juu ya jiko la gesi. Naiacha dakika 15 kwa presha ya pauni 15, kama pakiti inavyoelekeza, lakini sahani zinaota bakteria hata kabla sijapanda kitu. Mwenzangu wa Kilifi anafuata maelekezo hayo hayo na zake ni safi. Tatizo ni nini?
– Msomaji, Kasarani

JIBU: Kinachoua spora (mbegu sugu za bakteria) ni joto la mvuke, na geji yako haipimi joto. Inaonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya nje tu, na hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ni nyepesi kuliko ya pwani. Pauni 15 zinampa mwenzako nyuzi 121. Wewe zinakupa kama 118. Kwa joto hilo spora za Bacillus zinahitaji karibu muda maradufu. Panda hadi pauni 18 ikiwa mtengenezaji wa sufuria ameruhusu. Kama hakuruhusu, usiguse vali: baki kwenye 15 na uache dakika 35.

Kabla ya kulaumu mwinuko, hata hivyo, angalia hewa iliyonaswa ndani, maana ndiyo huharibu kazi ya wengi. Hupandisha geji bila kupandisha joto. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 ndipo ufunge vali, na anza kuhesabu muda presha ikishatimia. Chupa zijazwe nusu, vifuniko vilegezwe. Utepe unaobandikwa chupani na kugeuka mistari myeusi kwa joto usikudanganye. Unasema chupa imepashwa moto, basi.

Sasa shika sahani moja uielekeze kwenye mwanga. Vidoa vilivyozama ndani ya agari mara nyingi ni vimelea vilivyonusurika sufuriani. Vilivyokaa juu, hasa ukungu wenye manyoya, viliingia wakati wa kumimina: funga madirisha, zima feni, mimina kando ya moto. Agari iwe nyuzi 50 hivi, yaani chupa inashikika kwa mkono mtupu. Ikiwa ya moto zaidi, mvuke huganda kwenye kifuniko na matone yake husambaza uchafu. Mililita 20 zinatosha sahani ya milimita 90.

Kila mkupuo, weka sahani mbili za agari zisizopandwa kitu kwenye inkubeta, nyuzi 37, kwa saa 48, uone kama zitabaki safi.

SWALI: Agari iliyobaki chupani imeganda. Naweza kuiyeyusha tena?
– Msomaji, Ruaka

JIBU: Ndiyo, mara moja, kwa maji yanayochemka, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Ila kama ulishatia ampisilini (dawa ya kuua bakteria), itupe agari hiyo, kwa kuwa joto hilo huiharibu dawa. Safari nyingine, dawa itiwe agari ikishapoa hadi nyuzi 50.