Maswali yenu ya shodo (sanaa ya Kijapani ya kuandika kwa brashi): sakura, wino unaonuka na baridi ya Nara

Naweka maua ya sakura (mcheri) kwenye kila kazi yangu ili ionekane ya Kijapani, kuna ubaya?

Upo, na hili tumeliongea mara ngapi jamani. Tokyo sakura inachanua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, sasa wewe unaitundika Novemba ya nini? Kwenye chumba cha chai maandishi ya ukutani yanabadilishwa kufuata msimu, na hata moto wa kuchemshia maji, Novemba hadi Aprili unakuwa kwenye shimo la sakafuni, Mei hadi Oktoba unahamia kwenye jiko la juu.

Kwa nini wino wa Nara, mji wa Japani, unatengenezwa wakati wa baridi?

Hapa sasa umeuliza. Wino wa sumi ni masizi ya mafuta au ya msonobari yaliyokandwa na gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo kwenye joto inaoza kabla kipande hakijakauka, ndo maana mafundi wa Nara wanakoga masizi kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili, wanakanda, wanatia kwenye kalibu ya mbao, wanafukia kwenye majivu yanayobadilishwa kila siku, kisha wananing'iniza miezi kadhaa. Karatasi ya washi, ya Kijapani, nayo ni hivohivo, miti ya kozo inayotoa nyuzi zake inakatwa baridi, na ule utelezi wa mmea wa tororo-aoi unaotawanya nyuzi majini ukipata joto unapoteza nguvu. Yani majira yameshaingia kwenye wino na karatasi kabla hujashika brashi, halafu mtu ananunua wino wa chupa wenye gundi ya plastiki anasema anafuata mila! Na huo wa chupa usipoosha brashi papo hapo inakauka kama mti.

Niko Mombasa, wino niliousaga na maji juzi unanuka.

Mwaga. Gundi imeoza, saga wa leo utumie leo.

Kakizome, yaani maandishi ya kwanza ya mwaka, lazima iwe Januari 2, na mbona kadi za mwaka mpya za Japani zinataja masika (majira ya kuchipua) wakati kuna theluji?

Kimila ni tarehe 2, halafu karatasi zinachomwa kwenye Dondo-yaki, moto wa mwaka mpya, karibu na tarehe 15, karatasi yako ikipaa juu mwandiko wako utakua. Masika ni ya kalenda ya zamani, mwaka mpya ulikuwa unaangukia karibu na mwanzo wa masika, Japani ikahamia kalenda ya sasa 1873 na salamu zikabaki zilezile. Kwahiyo usizisahihishe kadi, andika hivohivo.